Je, damu ya mwanangu inaweza kusema kama ana usonji?

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Tanga. Mwanangu wa kwanza, wa kiume, ana miaka mitatu na miezi minne. Alishaanza kutamka "mama", "maji" na "paka", lakini alipofika mwaka mmoja na nusu maneno yale yakapotea. Ukimwita haitiki. Anaweza kushinda akizungusha vifuniko vya chupa, na chakula chake ni wali mtupu na biskuti tu. Tumeambiwa huenda ni usonji. Shemeji yangu aliyeko Muscat ametutumia habari kwamba kuna kipimo cha damu kinachogundua usonji kwa zaidi ya asilimia 97. Kuna maabara imekubali kuchukua damu na kuipeleka nje kwa zaidi ya shilingi milioni mbili, na baba yake anataka kuuza pikipiki. Tufanye? Tena mimi nina mimba ya miezi mitano. Damu yangu inaweza kuonyesha kama huyu anayekuja naye atakuwa hivyo?

JIBU: Marahaba, mama. Pikipiki isiuzwe.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linalosubiri uamuzi nyumbani kwenu. Hakuna kipimo cha damu kinachokubalika kitabibu kuthibitisha kwamba mtoto ana usonji. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ambayo wauzaji wengi wa vipimo hupenda kuitaja, haijaidhinisha hata kimoja kwa kazi hiyo. Usonji hutambuliwa kwa kumtazama mtoto akicheza, kuzungumza naye, na kuwahoji kwa kina wanaomlea: anawasiliana vipi na watu, na ana tabia gani za kujirudia au mambo gani anayoyang'ang'ania kupita kawaida. Ndivyo ilivyokuwa Leo Kanner alipoandika habari za watoto 11 kule Baltimore mwaka 1943, na ndivyo ilivyo leo, ingawa maswali na michezo tunayotumia imeboreshwa sana.

Hata hivyo shemeji yako hakukutumia uongo. Utafiti huo upo, na nadhani ninaujua. Ulichapishwa mwaka 2017 na kundi la Juergen Hahn wa chuo cha Rensselaer, jimbo la New York. Walichukua vipimo vya damu vya watoto 83 wenye usonji na 76 wasio nao, wenye umri wa miaka 3 hadi 10, wakaangalia kemikali zinazohusika na njia mbili ambazo mwili hutumia kushughulikia foleti, vitamini mojawapo ya kundi B, na kutengeneza glutathioni, kinga ya seli dhidi ya sumu na uchakavu. Hawakutegemea kemikali moja. Waliziunganisha kadhaa kwa hesabu za kompyuta. Hesabu hizo ziliwatambua vizuri asilimia 97.6 ya watoto wenye usonji na asilimia 96.1 ya wasio nao. Mwaka uliofuata walijaribu hesabu zilezile kwa watoto wengine 154 wenye usonji, na safari hii waliotambuliwa walikuwa asilimia 88. Ni kazi nzuri ya kisayansi. Ila angalia namba ilivyoshuka mara tu watoto walipobadilika, na hao bado ni watoto waliokuwa wameshajulikana kuwa na usonji kabla damu haijaguswa.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu mzazi akiielewa hatababaishwa tena na asilimia yoyote. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba takriban mtoto 1 kati ya 100 ana usonji. Chukua watoto 1,000 wa Tanga bila kuchagua. Kumi watakuwa na usonji, 990 hawana. Sasa wapime wote kwa kipimo kinachopatia mara 90 katika 100 kwa kila kundi. Katika wale kumi kitawanasa tisa. Katika wale 990 kitakosea kwa 99. Utakuwa na wazazi 108 wenye karatasi inayosema "chanya", na wenye watoto wenye usonji kweli ni tisa tu. Tisini na tisa watalia bure.

Utaniambia mwanao hakuokotwa tu mtaani, tayari ana dalili. Ni kweli, na hapo ndipo penye kasoro ambayo vichwa vya habari havisemi. Tafiti nyingi za damu hulinganisha watoto wenye usonji ulio wazi na watoto wasio na tatizo lolote la ukuaji. Kliniki hatupati shida kuwatofautisha hao. Shida yetu ni mtoto aliyechelewa kusema lakini anacheka nawe macho kwa macho, mtoto asiyesikia vizuri, mtoto aliyebaki nyuma kiakili baada ya kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, mtoto mwenye kifafa ambacho hakijajulikana. Kipimo cha damu kitakuwa na thamani siku kitakapoweza kumtenga mwenye usonji na hao. Tafiti zilizowaweka watoto wa namna hiyo meza moja ni chache mno.

Kuna na jambo la damu yenyewe. Wale wa Rensselaer walipima, pamoja na mengine, hali ya glutathioni. Kemikali hiyo huanza kubadilika dakika chache baada ya damu kutoka mwilini kama haikuwekwa kwenye barafu na kushughulikiwa upesi. Amino asidi, yaani vijenzi vya protini, hupanda na kushuka kufuatana na chakula, ndiyo maana watafiti makini huwapima watoto wakiwa hawajala tangu usiku. Viashiria vya uvimbe wa ndani ya mwili, kama ile protini iitwayo interleukini-6 ambayo imeonekana kuwa juu katika tafiti kadhaa za usonji, hupandishwa pia na malaria, mafua makali, hata jino lililooza. Damu iliyotolewa Tanga mchana wa Februari kwa mtoto aliyeugua homa wiki iliyopita, ikasafirishwa siku kadhaa, ikalinganishwa na viwango vya watoto wa Ulaya, itatoa namba. Namba hizo zitasema mengi kuhusu safari ya damu na machache kuhusu mtoto.

Utafutaji huu ni wa zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1961 Schain na Freedman walionyesha kwamba baadhi ya watoto wenye usonji wana serotonini nyingi kwenye damu, kemikali ambayo mwili hutumia kupeleka ujumbe, na tafiti zilizofuata kwa zaidi ya nusu karne zimelithibitisha hilo tena na tena, kwa takriban robo hadi theluthi ya watoto. Ni matokeo imara, pengine imara kuliko yote katika uwanja huu. Lakini theluthi mbili hawana hali hiyo, na baadhi ya watu wasio na usonji wanayo. Tena serotonini ya kwenye damu hutengenezwa zaidi utumboni na kubebwa na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Haielezi moja kwa moja kinachoendelea kwenye ubongo. Kwa hiyo kiashiria kinaweza kuwa cha kweli kabisa na bado kisifae kumpima mtoto mmoja aliye mbele yako.

Mwaka 2018 kundi la Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, pamoja na wenzao wa Bologna, Italia, lilitoa matokeo kuhusu protini za damu zilizoharibika, kwa watoto 38 wenye usonji na 31 wasio nao. Magazeti yakaandika kwamba kipimo kimepatikana. Ni watoto 69 kwa jumla, mama.

Utafiti ninaouthamini zaidi ulitoka mwaka huohuo Marekani, na haukudai kugundua usonji wote. Timu ya David Amaral wa taasisi ya MIND, Chuo Kikuu cha California, Davis, ilipima damu za watoto 516 wenye usonji na 164 wasio nao, wote wa umri kati ya miezi 18 na 48. Walikuta kundi dogo, takriban asilimia 17 ya wenye usonji, ambao uwiano wa amino asidi zao umekaa tofauti na wa wenzao. Nauthamini kwa sababu unakwenda na ukweli tunaouona kila siku: usonji haufanani kwa watoto wote. Jeni zaidi ya 100 zimeshahusishwa nao. Kutafuta kemikali moja inayowakusanya watoto wote hao naona ni kupoteza fedha. Kutafuta kundi hili dogo lenye kasoro hii, na kundi lile lenye kasoro ile, huenda siku moja kukampa daktari kitu cha kutibu.

Tayari mifano ipo. Mnorwe Asbjørn Følling aligundua mwaka 1934 ugonjwa wa kurithi ambao mwili unashindwa kuvunja amino asidi iitwayo fenilalanini. Bila matibabu mtoto hudumaa akili, na baadhi huwa na tabia zinazofanana kabisa na usonji. Miaka ya 1960 Robert Guthrie alileta kipimo cha tone la damu ya kisigino, na mtoto anayegunduliwa mapema na kupewa chakula maalumu hukua vizuri. Mwaka 2012 watafiti walieleza familia chache, ambazo wazazi wake ni ndugu wa damu, zenye watoto wenye usonji, kifafa na upungufu wa amino asidi fulani, kwa sababu ya jeni moja iliyoharibika. Haya ni magonjwa adimu. Lakini nakuuliza, na usione vibaya kwa kuwa pwani yetu ni jambo la kawaida: wewe na baba yake ni binamu? Kama ndiyo, au kama mtoto ana degedege, au hupoteza nguvu na kutapika sana kila anapougua, mwambie daktari wa watoto waziwazi. Hapo kupima amino asidi kunakuwa na sababu.

Hivyo damu ya mwanao inaweza kutusaidia, ila kwa maswali mengine kabisa. Na uliyoniandikia yananipa mawili matatu ya haraka.

La kwanza ni chakula. Wali mtupu na biskuti kwa mtoto wa miaka mitatu hunitia wasiwasi kuliko hizo kemikali zote nilizozitaja. Apimwe wingi wa damu na feritini, yaani akiba ya madini ya chuma. Feritini hupanda mwili unapopambana na maradhi, basi apimwe akiwa mzima, la sivyo itaonekana nzuri wakati akiba imekwisha. Upungufu wa chuma humfanya mtoto ahangaike usiku, alale vibaya, awe na hasira na umakini mdogo mchana, na watu husema "ni usonji wake huo" wakati tatizo lingine lipo na dawa yake ni nafuu. Mwangalie pia fizi na miguu. Watoto wenye usonji wanaokataa matunda na mboga wamekutwa na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, katika nchi zenye vyakula tele. Mtoto huyo hukataa kutembea kwa sababu miguu inauma, na kwa kuwa hasemi, hakuna anayejua. Akianza kuchechemea au fizi zikitoka damu, mpeleke siku hiyohiyo.

La pili ni risasi, ile metali. Je, anakula udongo, anabandua rangi za ukuta, au jirani kuna watu wanaofungua betri za magari? Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na mtoto anayeweka kila kitu mdomoni huipata zaidi. Hayo hayako mbali nasi. Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kama mazingira yenu yana hatari hiyo, damu ya mshipa ipimwe risasi. Isiwe nywele, wala mkojo uliotolewa baada ya mtoto kunyweshwa dawa ya "kuvuta metali", maana majibu ya namna hiyo karibu kila mara huonekana mabaya, na nyuma yake kuna anayeuza dawa za kusafisha damu. Mwaka 2005 mvulana wa miaka mitano mwenye usonji alifariki Pennsylvania akiwa anapewa dawa hizo kwenye mshipa, baada ya madini ya kalsiamu kwenye damu yake kushuka ghafla. Nakuomba sana, mtu yeyote akikuletea habari ya kusafisha damu ya mtoto, kataa.

Utasikia pia habari za kingamwili dhidi ya foleti na dawa ya leukovorini, ambayo ni aina ya foleti, hasa tangu serikali ya Marekani ilipoizungumzia Septemba 2025. Wazo lenyewe lina msingi: kingamwili hizo zinaweza kuzuia foleti isifike kwenye ubongo, na zimekutwa kwa watoto wengi wenye usonji. Zimekutwa pia kwa ndugu zao wasio na usonji. Jaribio linalotajwa sana lilihusu watoto 48 tu. Kwa mtoto wako, leo, nisingelipia kipimo hicho.

Kabla ya sindano yoyote, hata hivyo, apimwe masikio. Mtoto asiyeitika akiitwa na aliyepoteza maneno lazima ajulikane anasikia, hata kama unaamini anasikia kwa sababu hukimbilia televisheni ikiwashwa. Nenda kliniki ya watoto ya hospitali ya Bombo hapo Tanga, na wakiona haja watawaandikia rufaa ya Muhimbili. Waeleze tarehe za maneno kupotea, kwani kupoteza maneno baada ya kuyapata huonekana kwa watoto wengi wenye usonji, lakini daktari atataka kujua kama kuna kifafa cha kimyakimya. Waambie kama aliwahi kulazwa kwa malaria kali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu watoto wa hapa Tanzania ulieleza baadhi yao ambao dalili zilifuata malaria kali, na historia hiyo hubadilisha namna tunavyomwangalia mtoto. Chukua video fupi kwenye simu: akila, akicheza na vile vifuniko, ukimwita akiwa amekupa mgongo. Dakika mbili za video hizo hunisaidia kuliko karatasi nyingi za maabara, maana mtoto akifika chumba cha daktari huwa mwingine.

Fedha mliyotaka kuipeleka kwenye maabara, hata sehemu yake ndogo, ielekezeni kwa mtaalamu wa lugha na mawasiliano au wa tiba kwa vitendo, tena bila kusubiri karatasi iseme "usonji". Mtoto asiyesema akiwa na miaka mitatu anahitaji msaada huo hata kama jina la tatizo halijapatikana. Anza na vile vifuniko anavyovipenda. Kaa chini mbele yake, zungusha chako, shika kimoja mkononi, msubiri akutazame au anyooshe mkono, kisha sema "kifuniko" na umpe. Mara nyingi kwa siku, muda mfupi mfupi, wewe, baba yake, na bibi yake akiwapo. Huko ndiko kufundishwa kwamba mtu mwingine ana faida.

Kuhusu utafiti wa huku kwetu, Kilifi, Kenya, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome la Uingereza wamekuwa wakichunguza usonji na matatizo ya ukuaji kwa miaka mingi, na mradi wa NeuroDev hukusanya vinasaba vya watoto wa Kenya na Afrika Kusini. Natamani sana kazi hiyo ipanuke ifike Tanga na Lindi. Karibu kila kiashiria nilichokueleza hapo juu kimepimwa kwa watoto wa Marekani na Ulaya, na watoto wetu wana malaria, minyoo na selimundu, mambo yanayobadilisha damu. Wakikualika katika utafiti wa kweli hutadaiwa hata senti, na utaelezwa kwa maandishi damu inakwenda wapi. Anayekutoza milioni mbili anafanya biashara.

Sasa mimba yako. Hakuna kipimo cha damu ya mama, wala cha maji ya uzazi, kinachotabiri usonji. Wapo wanaochunguza kingamwili za mama zinazovuka kwenda kwa mtoto tumboni, lakini hilo bado liko maabara. Kinachojulikana kwa uhakika ni makadirio: utafiti mkubwa wa wadogo wa watoto wenye usonji, uliochapishwa mwaka 2024, ulikuta takriban 1 kati ya 5 naye huwa na usonji, wavulana karibu robo yao na wasichana takriban 13 katika 100. Maana yake wanne kati ya watano hawawi nao.

Kuna kipimo kimoja cha damu kinachogusa mwanao na mimba yako kwa pamoja. Kuna ugonjwa wa kurithi wa kromosomu X dhaifu, ambao hupatikana kwa watoto wachache sana wenye usonji, mmoja hadi watatu katika kila 100. Mtoto wa kiume huupata kutoka kwa mama yake, na mama huyo anaweza kuupitisha kwa nusu ya mimba zake. Ugonjwa huu huacha alama zake kwa ndugu, kwa hiyo ulizia upande wako: una wajomba au kaka waliobaki nyuma kiakili? Kuna mwanamke aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40? Babu aliyeanza kutetemeka na kuyumba uzeeni? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, mwambie daktari kabla mimba haijasonga, akuombee kipimo hicho cha vinasaba. Hicho ningekilipia.

Endelea kunywa vidonge vya chuma na foliki unavyopewa kliniki. Kama unatumia dawa ya kifafa aina ya valproeti, muone daktari wiki hii kwa sababu ina madhara kwa mtoto aliye tumboni, lakini usiiache mwenyewe. Mtoto akizaliwa, usimchunguze kwa hofu kila saa, mfurahie. Ila akifika miezi 9 hageuki anapoitwa jina, au mwaka mmoja bila kupunga mkono wala kunyoosha mikono ili abebwe, mpeleke kliniki, na umwambie daktari kwamba kaka yake anachunguzwa usonji ili wasikuambie urudi nyumbani ukasubiri.